Filamu uliyoitazama nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu maoni na ubora wa picha

Maswali haya ni ya watu wanaotazama filamu sebuleni, kwenye simu au kwa jirani, kisha wakapenda kuzizungumzia. Nimeyajibu nikiwa na msimamo mmoja: filamu ni kitu kimoja, na nakala uliyoitazama ni kitu kingine. Mtu akisema "muvi ile mbovu, giza tupu, hata maneno hayasikiki," mara nyingi anachokilalamikia ni nakala, TV au sabufa. Mwongozaji na mpiga picha wake wanabebeshwa mzigo usio wao.

Nikitaka kutoa maoni kuhusu filamu niliyotoka kuitazama, nianzie wapi?

Anza kwa kusema umeitazamaje: ukumbini, kwenye TV au kwenye simu, kwa mtandao, kwa diski au kwa flashi, kwa lugha yake au ikiwa imetafsiriwa. Sentensi moja yatosha. "Nimeitazama Netflix, TV ya inchi 43, usiku, taa zimezimwa" inasema mengi kuliko "nimeiona jana." Mwenzako akiwa aliitazama kwenye simu ndani ya daladala na akaiona haina maana, mtajua mara moja pa kuanzia ubishi wenu.

Kisha chagua tukio moja lililokukaa kichwani na ulieleze. "Ni kali" na "ni ya kawaida" ni hukumu bila ushahidi. Sema kwamba steringi alipoingia chumbani kwa mama yake kamera ilibaki mlangoni, hatukuuona uso wake, tulisikia tu kiti kikivutwa, na hapo ndipo ulipoelewa kwamba ana aibu. Asiyeiona filamu atapata ladha yake. Aliyeiona atakuwa na kitu cha kukubishia, na ubishi wa aina hiyo ndio raha yenyewe.

Mwisho, jiulize filamu ilikuwa inataka kufanya nini, halafu useme kama imefanikiwa. Filamu ya vichekesho isiyokuchekesha imeshindwa kazi yake. Filamu ya taratibu kuhusu msiba haijashindwa kwa sababu haina ngumi.

Nitaisimuliaje bila kumharibia uhondo asiyeiona?

Mimi hujiwekea mpaka wa nusu saa ya kwanza. Yaliyomo humo ndiyo mlango wa hadithi, na mtu hapotezi kitu akiyajua. Zaidi ya hapo, omba ruhusa: "Umeiona? Naweza kusema mwisho?" Na usiseme "kuna kitu kitakushangaza mwishoni," maana ukishasema hivyo mtu atakaa filamu nzima akikitafuta hicho kitu badala ya kuitazama.

Usingizi ulinichukua katikati. Naweza bado kuitolea maoni?

Unaweza, ukisema uliishia wapi. Usiihukumu filamu nzima.

Picha ilikuwa giza mno, sikuona kitu usiku kucha. Hilo ni kosa la filamu?

Linaweza kuwa, lakini liwe jibu la mwisho baada ya kuondoa sababu nyingine nne. Hili ndilo lalamiko ninalolisikia kuliko yote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kwanza ni mwanga wa chumba. Filamu hupangwa rangi na mwanga katika chumba chenye giza, na hutazamwa ukumbini gizani. Ukiwasha tyubulaiti juu ya kichwa au ukiacha dirisha wazi mkabala na TV, kioo kinarudisha ule mwanga, na kila kilichokuwa karibu na weusi kinafutika. Zima taa, au hamishia taa nyuma ya TV, funga pazia, urudie tukio lile lile. Mara nyingi tatizo linaisha hapo.

Pili ni mpangilio wa TV. TV nyingi zinatoka kiwandani zikiwa kwenye mpangilio wa kung'ara sana, wa kushindana na taa za dukani. Rangi zinawaka, nyeupe inaelekea bluu, na weusi unakuwa doa moja lisilo na kitu ndani. Ingia sehemu ya picha uchague mpangilio ulioandikwa Movie, Cinema au Filmmaker Mode. Siku ya kwanza picha itaonekana ya njano na imepoa. Ipe siku chache. Huo ndio weupe ambao watengeneza filamu wanaufanyia kazi, na macho yakishauzoea utaona rangi halisi za ngozi, hasa ngozi zetu nyeusi, ambazo mpangilio wa dukani huzigeuza kuwa nyekundu au kijivu.

Tatu ni HDR. Teknolojia hii inabeba mwanga mkali na weusi mzito kuliko picha ya kawaida, lakini inahitaji TV yenye uwezo. TV nyingi za bei nafuu zinaikubali HDR bila kuwa na nguvu ya mwanga ya kuionyesha, basi zinaifinya na picha nzima inafifia. Na ukilicheza faili la HDR kwenye TV au kompyuta isiyoielewa kabisa, rangi zinapauka na kila kitu kinaonekana cha kijivu. Tafuta nakala ya kawaida ya filamu hiyo hiyo. Kwenye TV ya namna hiyo itakuwa bora.

Nne ni nakala iliyobanwa kupita kiasi. Simamisha picha kwenye tukio la usiku, mtu amesimama karibu na taa ya ukutani. Angalia ukuta kuanzia kwenye taa kuelekea gizani. Nakala nzuri itaonyesha mwanga ukififia polepole. Nakala mbaya itaonyesha miduara yenye kingo kali, na mbali kidogo na taa utaona vimraba vinavyotetemeka. Programu ya kubana video huanza kuiba mahali penye giza, kwa sababu huko ndiko inakotegemea macho yako hayatagundua.

Ukishavuka yote manne na bado huoni uso wa anayezungumza, sasa sema wazi: tukio hili limepigwa giza mno. Ni maoni halali, na kuna wapiga picha wanaostahili kuambiwa.

Kwa nini filamu ya fedha nyingi inaonekana kama tamthilia ya mchana kwenye TV yangu mpya?

Kwa sababu TV inaongeza picha ambazo hazimo kwenye filamu. Filamu hupigwa picha 24 kwa sekunde. TV ya kisasa inaonyesha 60 au zaidi, na badala ya kurudia zile zilizopo, inabuni nyingine za katikati ili mwendo uwe laini. Kwa mpira ni sawa. Kwa filamu inaua kila kitu: seti inaonekana ni seti, vipodozi vinaonekana ni vipodozi, na ngumi inaonekana haikumfikia mtu.

Samsung wanaiita Auto Motion Plus au Picture Clarity, LG TruMotion, Sony Motionflow. Itafute kwenye mipangilio ya picha uizime. Desemba 2018 mwigizaji Tom Cruise na mwongozaji Christopher McQuarrie walitoa video fupi kuwaomba watazamaji wafanye hivyo hivyo, na mwaka uliofuata UHD Alliance, muungano wa kampuni za TV na za filamu, ukatangaza ile Filmmaker Mode, inayozima uongezaji huu pamoja na mapambo mengine kwa mbonyezo mmoja. Kama TV yako inayo, tumia hiyo na usihangaike na mengine.

Ukiwa kwa jirani, angalia kamera inapopita taratibu mbele ya uzio au nguzo. Kingo za nguzo zikiteleza laini mno, halafu zikagutuka na kutetemeka kidogo, basi kipengele hicho kimewashwa.

Mistari myeusi juu na chini ya picha ni ya nini? Niivute picha ijae kioo?

Usiivute. Filamu nyingi za ukumbini ni pana kuliko TV. Upana wake huwa karibu mara 2.39 ya kimo, wakati TV ni mara 1.78. Ile mistari ndiyo inayoihifadhi picha nzima. Ukiikuza hadi ijae, unakata watu waliosimama pembeni, na mara nyingi mtu wa pembeni ndiye mwenye kisu.

Kosa linaloumiza zaidi ni lile la kuinyoosha picha ya zamani ya umbo la 4:3 ijae TV pana. Nyuso zinapanuka, magari yanarefuka, na watu wote wananenepa. Filamu nyingi za Kiswahili za miaka ya mwanzo ya 2000 zilipigwa kwa umbo hilo, na zinatazamwa zikiwa zimenyooshwa hadi leo. Bonyeza kitufe cha ukubwa wa picha kwenye rimoti, chagua 4:3, uwarudishie waigizaji wale nyuso zao.

Je, ni lazima nitazame 4K ndipo niseme nimeiona filamu vizuri?

Hapana, na hesabu yake si ngumu. Picha huundwa na nukta ndogo ndogo, na DVD ya mfumo wetu wa televisheni, PAL, ina nukta 720 kwa 576. Blu-ray, iliyoingia sokoni mwaka 2006, ina 1920 kwa 1080. Diski ya 4K, iliyoanza mwaka 2016, ina 3840 kwa 2160. Lakini jicho la kawaida lina mipaka. Kwenye TV ya inchi 55, ili ufaidi nukta zote za Blu-ray unapaswa kukaa mita 2 hivi kutoka kwenye kioo. Ili ufaidi zote za 4K usogee hadi kama mita 1. Kwenye TV ya inchi 32, ambayo ndiyo iliyoko kwenye sebule nyingi, ukikaa kwenye kochi lililoko mita 3 jicho lako linaweza kutofautisha nukta 800 hivi kwa upana wote wa picha. Hiyo ni karibu sawa na DVD iliyotengenezwa vizuri.

Kwa hiyo mtu mwenye DVD safi ya duka na TV ndogo asijione mnyonge mbele ya mwenye 4K. Kabla hujanunua TV mpya, sogeza kochi.

Kinachoweza kukufanya uone tofauti hata ukiwa mbali ni rangi na mwanga wa HDR kwenye TV yenye uwezo, na kutokubanwa kwa picha. Filamu nyingi za miaka ya 2000 na 2010 zilimaliziwa kwenye kompyuta kwa 2K tu, yaani karibu nukta zile zile za Blu-ray, kisha zikakuzwa kuwa 4K. Diski zake ni nzuri, ila uzuri huo hautokani na idadi ya nukta.

Faili limeandikwa 1080p, mbona picha ni mbovu?

Kwa sababu 1080p inakueleza ukubwa wa fremu, haikuelezi kuna nini ndani. Angalia uzito wa faili ukilinganisha na muda. Filamu ya saa 2 yenye megabaiti 700 inapitisha chini ya megabiti 1 kwa sekunde (baiti moja ni biti nane), pamoja na sauti. Blu-ray inaruhusiwa kupitisha hadi megabiti 40 kwa sekunde kwa picha peke yake. Ni kweli mbinu mpya za kubana zina ufanisi zaidi kuliko za zamani, lakini hazifanyi miujiza. Mvua, moshi, maji ya bahari na umati unaokimbia ndivyo vitakavyoonyesha kwanza kwamba faili limekondeshwa.

Kuna pia nakala za DVD zilizokuzwa na kubandikwa jina la HD. Tazama nywele na vitambaa: kama kanga ya mhusika haina nyuzi hata kamera ikiwa karibu naye, hiyo si HD, hata jina la faili likisemaje.

Nikitazama kwa mtandao, bando kiasi gani linatosha?

Netflix wenyewe wanapendekeza kasi ya megabiti 3 kwa sekunde kwa 720p, 5 kwa 1080p na 15 kwa 4K. Kwa matumizi, HD inaweza kufikia gigabaiti 3 kwa saa na 4K gigabaiti 7, kwa hiyo filamu moja ya 4K inaweza kumaliza bando la wiki. Mtandao ukishuka, huduma hizi hazikatizi picha; zinapunguza ubora kimyakimya. Unaweza kutazama nusu ya kwanza ikiwa safi na nusu ya pili ikiwa imefifia, ukadhani filamu imepoteza nguvu. Kama mtandao wako unayumba, pakua usiku ndani ya programu yenyewe, utazame kesho yake bila kukwama.

Zile chembechembe zinazotembea kwenye picha ni uchafu? Naziondoaje?

Ikiwa filamu ilipigwa kwa mkanda wa selulosi, zile chembe ndizo picha yenyewe. Mkanda una fuwele za fedha zinazoshika mwanga, na kila fremu zimepangika tofauti. Ukiziondoa kwa kompyuta unaondoa na vinyweleo vya ngozi, mikunjo ya shati na ukungu wa asubuhi. Filamu za James Cameron kama Aliens na True Lies zilipotoka kwenye diski za 4K mwaka 2024, watazamaji wengi walilalamika kwamba kompyuta ilikuwa imezisafisha kupita kiasi, nyuso zikawa za nta. Pesa zilikuwepo, mkanda wa asili ulikuwepo, lakini mtu aliona chembe ni aibu. Naungana na waliolalamika.

Ukarabati mzuri ni kitu kingine. Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty, filamu ya Senegal ya mwaka 1973, ilikarabatiwa mwaka 2008 katika maabara ya Cineteca di Bologna nchini Italia kwa mradi wa Martin Scorsese wa sinema ya dunia. Mikwaruzo imetolewa, rangi zimerudi, chembe zimebaki. Anayedhani filamu za zamani za Afrika zina picha mbovu aitazame hiyo, aone kwamba kilichokuwa kibovu ni nakala zilizozunguka miaka yote ile.

Chembe za simu au kamera ya kidijitali iliyopigwa kwenye mwanga hafifu ni suala jingine, hizo ni kasoro. Na ukiona nyuso zimezungukwa na mstari mweupe mwembamba, shusha kipimo cha ukali wa picha kwenye TV. Kwenye TV nyingi kinatakiwa kiwe sifuri au karibu na sifuri.

Muziki unapasua masikio lakini maneno hayasikiki. Kwa nini?

Sauti ya filamu nyingi ina njia sita: spika tano na besi. Mazungumzo yamewekwa karibu yote kwenye spika ya katikati. Kama kifaa chako kinatuma njia sita kwenye TV au sabufa ya spika mbili bila kuzichanganya vizuri, ile ya katikati inapotea au inanyongwa, unabaki na muziki na milipuko. Ingia kwenye mipangilio ya sauti ya kifaa uchague Stereo au PCM. Ni dakika moja tu.

Kisha shusha besi ya sabufa. Najua sabufa bila mdundo watu wanaiona haina maana, lakini maneno ya Kiingereza yanatambulika kwa konsonanti nyembamba, na besi ndiyo inayozifunika. Tafuta pia kipengele cha usiku au cha kukuza mazungumzo. TV nyingi mpya zinacho.

Kama midomo na sauti vimeachana, TV nyingi zina sehemu ya kuchelewesha sauti. Kwenye programu ya VLC ya kompyuta ya Windows, herufi J na K zinasogeza sauti kidogo kidogo hadi ikae.

Maandishi ya chini yanaanza vizuri, halafu yanazidi kuachana na maneno.

Faili la maandishi limetengenezwa kwa nakala ya kasi nyingine. Kwa televisheni ya PAL, filamu ya picha 24 kwa sekunde iliharakishwa hadi 25. Filamu ya saa 2 ikawa fupi kwa karibu dakika 5, na sauti za watu zikapanda kidogo. Maandishi ya nakala moja ukiyaweka kwenye nyingine, baada ya saa moja yatakuwa yameachana kwa karibu dakika 2 na nusu. Kuyasogeza mbele au nyuma hakusaidii. Tafuta faili la kasi inayolingana na nakala yako. Kama yamechelewa kwa kiasi kile kile mwanzo hadi mwisho, hapo kusogeza kunatosha: kwenye VLC ni herufi G na H.

Niliitazama ikiwa imetafsiriwa na DJ. Maoni yangu yanahesabika?

Yanahesabika, ila yana watu wawili ndani yake. Wasimulizi wanaoweka sauti yao juu ya filamu, kama Lufufu kule Tanzania, DJ Afro nchini Kenya, na ma-VJ wa Uganda, wamewafanya watu wengi waipende sinema kuliko ukumbi wowote uliowahi kujengwa. Kibanda umiza chenye benchi za mbao na TV ya chogo kilikuwa shule ya filamu kwa kizazi kizima. Lakini msimulizi hatafsiri neno kwa neno. Anampa adui jina la mtaani, anaeleza anachokiwaza steringi, anajaza kimya cha mwongozaji kwa methali na utani. Wakati mwingine anaiokoa filamu dhaifu. Wakati mwingine tukio lililopangwa liwe kimya linapotea kabisa.

Sema basi: "Hii nimeiona ya DJ." Sifu usimulizi kama usimulizi. Ukisema mazungumzo ya filamu yanachekesha, hakikisha si DJ aliyekuchekesha. Na kama filamu imekugusa, itafute siku moja bila sauti yake. Utaona ni kazi mbili tofauti, na huenda ukazipenda zote.

Filamu za Bongo za zamani zinaonekana mbovu. Zinaweza kurudishwa kwa 4K?

Nyingi haziwezi, kwa sababu hazikupigwa kwa mkanda wa selulosi. Zilipigwa kwa kamera za video zenye mistari 576, kisha zikauzwa kwa VCD yenye nukta 352 kwa 288 tu, robo ya hapo. VCD moja haikubeba zaidi ya dakika 74 hivi, ndiyo maana filamu ndefu ilihitaji diski mbili.

Kinachowezekana ni kuzionyesha kwa heshima. Kama kanda ya kamera ipo, nakala mpya iliyotolewa humo itaishinda VCD kwa mbali. Video ile pia ilirekodiwa kwa mistari iliyogawanywa mafungu mawili, na ukiicheza vibaya kwenye kompyuta, mtu anayekimbia kingo zake zinachanika kama meno ya kitana. Programu nzuri ina kipengele cha kuunganisha mafungu hayo. Kwenye VLC ni kile cha Deinterlace kwenye menyu ya video.

Na unapozitolea maoni, pima hadithi, uigizaji na mazungumzo. Usimlaumu mwigizaji wa 2004 kwa kamera aliyowekwa mbele yake. Zile ambazo stesheni kama Sinema Zetu na Maisha Magic Bongo zinaonyesha leo zimepigwa kwa kamera nyingine kabisa, hizo zikosoe picha zake bila huruma.

Ndugu yangu ametuletea diski kutoka nje na deki inazikataa.

Ni mgawanyo wa kanda: dunia imegawanywa maeneo, na deki ya eneo moja inaweza kukataa diski ya eneo jingine. Kwa DVD, Afrika Mashariki ni kanda ya 5, Ulaya na nchi za Ghuba ni ya 2, Marekani ni ya 1. Kwa Blu-ray, Afrika, Ulaya na Ghuba ziko pamoja kwenye B, Marekani iko A. Diski za filamu za 4K hazina mgawanyo huo. Kwa hiyo shangazi aliyeko Muscat au London akikutumia Blu-ray itacheza. Ya Marekani huenda ikagoma. Deki nyingi za DVD za bei nafuu zinacheza kanda zote, hivyo jaribu kwanza kabla ya kuitupa diski.

Nakala iliyorekodiwa kwa kamera ukumbini inafaa kutolea maoni?

Haifai. Ni wizi, na isitoshe hujaiona filamu: rangi zimekufa, pembe zimekatwa, na sauti ni ya ukumbi wenye watu wanaokohoa. Kama ndiyo uliyoitazama, nyamaza hadi uione nzuri. Kwa filamu za nyumbani naliona hili kuwa zito zaidi, kwa sababu mtayarishaji wa Dar es Salaam au Nairobi hana soko jingine la kufidia hasara.

Nina VCD na DVD za zamani za Bongo kabatini. Nizitupe?

Tafadhali usizitupe. Baadhi ya filamu zile hazikuwekwa popote pengine, na diski yako inaweza kuwa miongoni mwa nakala chache zilizobaki. Joto na unyevu wa pwani huzila, hasa zile za kuchomwa, ambazo rangi yake hufifia zikikaa mwangani. Zitoe kwenye mifuko ya plastiki inayonata, zisimamishe wima kwenye makasha yake mahali pakavu, futa vumbi kwa kitambaa laini ukianzia katikati kwenda nje, usizungushe. Kisha zinakili kwenye diski ya kompyuta (hard disk) wakati deki bado inazisoma, bila kuzibana upya. Kila faili lipe jina la filamu, mwaka ulio kwenye kasha na kama ni Part 1 au Part 2, upige picha kasha lenyewe pande zote mbili, kwa kuwa majina ya mpiga picha, mhariri na waigizaji wadogo mara nyingi yameandikwa hapo peke yake.